Papa na Nyangumi

Novemba 1916, vita ikiwa mwaka wa tatu na chakula kikiwa adimu Ujerumani, mfanyabiashara mmoja alimuuzia mwenzake mapipa 214 ya nyama yaliyokuwa bado baharini, ndani ya meli iitwayo Jessica, yakielekea Hamburg. Bei ilikuwa mark 4.30 kwa kilo. Kwenye hati ya mauziano bidhaa iliandikwa kwa neno la Kinorwe: Haakjöringsköd. Muuzaji aliamini kwamba hiyo ni nyama ya nyangumi. Mnunuzi naye aliamini hivyohivyo. Kumbe ndani ya mapipa mlikuwa na papa, na neno lenyewe, kwa Kinorwe, lilikuwa na maana ya papa tangu mwanzo.

Mzigo ulipofika Hamburg, shirika la serikali lililosimamia uagizaji wa chakula likauchukua kwa nguvu za amri ya vita, likalipa bei ya chini sana kuliko ile aliyokwisha kuilipa mnunuzi. Mnunuzi akaenda mahakamani kudai tofauti. Kama ningeletewa nyangumi, alisema, mzigo wangu usingechukuliwa.

Mtu aliyekulia Tanga, kama mimi, hahitaji kuelezwa tofauti ya papa na nyangumi. Papa wa ng'onda humjua kwa harufu kabla hujafika kwenye meza yake sokoni. Nyangumi wengi wetu tumemsikia katika kisa cha Nabii Yunus tu. Kwa hiyo nilipoisoma kesi hii mara ya kwanza nilimtetea muuzaji moyoni: hati inasema Haakjöringsköd, naye ameleta Haakjöringsköd. Ana kosa gani?

Tarehe 8 Juni 1920 Mahakama Kuu ya Dola, ambayo makao yake yalikuwa Leipzig, iliamua kwamba mkataba huo ulikuwa wa nyangumi. Wawili hawa walikuwa na nia moja, na neno walilolitumia wote wawili walilielewa kwa namna moja. Kwamba dunia nzima inalielewa vingine hakuwaharibii kitu. Muuzaji aliuza nyangumi, akaleta papa, basi ameleta kitu kisicho na sifa zilizoahidiwa, na hasara ni yake. Jina lililokosewa halidhuru panapokuwa na nia iliyokubaliwa.

Kesi hii ina zaidi ya miaka mia moja, na karibu kila mwanafunzi wa sheria Ujerumani hukutana nayo katika miezi ya mwanzo. Mimi nilikutana nayo Göttingen. Nilikuwa nimekwenda kwa shahada ya uzamili, nikiwa na shahada yangu ya kwanza ya Dar es Salaam na sheria yenye mizizi ya Kiingereza kichwani, lakini niliomba ruhusa ya kukaa na vijana wa muhula wa kwanza katika somo la misingi ya sheria ya madai. Nilitaka kuona jengo linavyowekewa msingi, maana ukuta nilikuwa nimeshauona.

Wengi wao walikuwa na miaka 18 au 19. Ujerumani mtu huingia kusoma sheria moja kwa moja akitoka shule ya sekondari, na mwisho wa safari ni Mtihani wa Dola, wa kwanza na baadaye wa pili, ambao husimamiwa na majimbo. Alama ni kuanzia 0 hadi 18. Aliyepata 4 amefaulu, aliyepata 9 anaheshimiwa popote aendapo, na 18 ni alama ambayo watu huisimulia tu. Mhadhara unapokwisha hawapigi makofi. Hugonga meza kwa vifundo vya vidole, watu mia kadhaa kwa pamoja, na siku ya kwanza nilihisi kama umma mzima unapiga hodi kwenye mlango mmoja.

Kitabu tulichotakiwa kuja nacho kilikuwa kimoja, sheria yenyewe. Ni sheria ya madai ya Ujerumani, inayoitwa BGB kwa kifupi. Ilitangazwa mwaka 1896 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1900. Ina vifungu 2,385 vilivyogawanywa katika vitabu vitano: sehemu ya jumla, wajibu baina ya watu, mali, familia na mirathi. Vijana hununua toleo la jalada la karatasi kwa bei nafuu na kulibandika vijikaratasi vya rangi pembeni, na baada ya mwezi kitabu huwa na manyoya kama kuku. Huko hakimu hujenga hoja yake akianzia kwenye kifungu. Kwetu nilikuwa nimezoea kuanzia kwenye kesi, kutafuta nani aliamua nini kabla yangu. Mkono wangu ulichukua muda kujifunza njia mpya.

Kisha likaja swali. Mwalimu aliliandika ubaoni siku ya pili, na sijawahi kuliona likifutika tangu hapo: nani anadai nini, kutoka kwa nani, kwa msingi gani? Kwa Kijerumani maneno yake ya kuuliza ni manne mafupi tu yanayoanza na herufi moja, na mwanafunzi huyatembeza mdomoni kama tasbihi. Kila tatizo la sheria ya madai, liwe la mkate au la meli, huanzia hapo. Mtu hasemi kwanza nani ana haki. Anataja dai, anataja kifungu kinacholibeba, kisha anakwenda sharti kwa sharti.

Namna ya kuandika ni hii. Unaanza kwa kuweka uwezekano: huenda muuzaji ana haki ya kumdai mnunuzi bei, kwa mujibu wa kifungu cha 433. Unataja sharti: ili haki hiyo iwepo, lazima pawe na mkataba wa mauziano. Unaeleza maana: mkataba huzaliwa na kauli mbili zinazokutana, pendekezo na ukubali. Unaleta tukio: asubuhi ile mnunuzi alionyesha kidole mkate na kuweka sarafu mezani. Unapima: je, tendo hilo ni pendekezo? Ndipo unafunga, na unahamia sharti linalofuata. Jibu haliruhusiwi kutangulia mbele ya sababu zake.

Nilipolielewa hilo la kauli mbili nilitabasamu, kwa sababu nililijua tangu utotoni. Nimekaa kwenye ndoa ngapi nikisikia walii akisema nimekuozesha na bwana harusi akijibu nimekubali, na wazee wakitega masikio wasipitwe na neno? Ijabu na kabuli. Wanazuoni wetu wa pwani hulitumia hilohilo katika kuuza na kukodisha. Mwanafunzi wa Kitanzania anayedhani kwamba misingi hii ni ya kigeni kabisa aende akakae msikitini siku ya akdi.

Palipo pagumu kweli ni kwenye mkate. Umeingia kwa muoka mikate, umelipa, umetoka na mkate wako. Wewe unasema umenunua. Mwanafunzi wa Kijerumani anatakiwa aone mapatano matatu. La kwanza ni mauziano, ambayo hayakupi mkate wenyewe, yanakupa ahadi tu: muuzaji atakupa, nawe utalipa. La pili ni kuuhamisha umiliki wa mkate, kwa mapatano ya peke yake pamoja na makabidhiano, kifungu cha 929. La tatu ni kuhamisha umiliki wa sarafu, kwa njia hiyohiyo. Na kila moja linasimama kwa miguu yake. La kwanza likianguka, la pili halianguki nalo.

Wengi hulicheka jambo hili, hata Wajerumani. Mimi nililipinga kwa wiki nzima, nikaja kulipenda, na nitasema kwa nini. Chanzo chake hutajwa kuwa ni mafunzo ya Friedrich Carl von Savigny, aliyefundisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 19. Alitoa mfano wa sadaka. Unapita njiani, unamtilia maskini sarafu mkononi. Kabla ya hapo hapakuwa na mkataba, hapakuwa na deni, hukuwa umemuahidi kitu. Hata hivyo sarafu imekuwa yake. Imekuwa yake kwa nini? Kwa sababu ulitaka iwe yake, naye akaipokea. Basi ndani ya makabidhiano yenyewe mna nia, mbali na sababu iliyokufanya utoe. Kila ninapotoa sadaka sasa namkumbuka mzee yule.

Faida yake inaonekana mtu wa tatu anapoingia. Chukua baiskeli, maana Göttingen ni mji wa baiskeli. Muuzaji anataka kuandika euro 410, kidole kinateleza anaandika 140. Mnunuzi anakubali, analipa, anapewa baiskeli, wiki ya pili anaiuza kwa jirani. Ndipo muuzaji anagundua. Sheria inamruhusu kuutengua mkataba kwa kosa la kauli, kifungu cha 119. Lakini kilichotenguka ni ahadi. Umiliki ulikwishahama kwa mapatano yake mengine ambayo hayakuwa na kosa, kwa hiyo jirani alinunua kwa mwenye mali na hasumbuliwi. Muuzaji atamgeukia mnunuzi wake adai thamani, kwa kuwa amejipatia kitu bila msingi. Ugomvi unabaki baina ya walioanza ugomvi.

Rafiki yangu mmoja aliyesomea sheria Bukavu hakukubali hata kidogo. Sheria ya mikataba ya Kongo ilitoka kwa Wabelgiji, na Wabelgiji waliirithi kutoka kitabu cha Wafaransa cha mwaka 1804, na humo umiliki wa kitu kilichouzwa huhama kwa makubaliano yenyewe. Tukiwa jikoni hosteli, ndizi zikichemka, alikuwa akinigongea sufuria kwa mwiko: mkishakubaliana bidhaa na bei, kitu ni chako, unataka nini tena? Alikuwa sahihi kwa sheria yake. Nami nikamshangaza kwa ya kwetu, kwamba katika sheria ya mikataba ya Tanzania ahadi ambayo upande wa pili hautoi chochote kwa ajili yake kwa kawaida haina nguvu, ilhali Ujerumani ahadi ya hiba inamfunga aliyeahidi ikiwa imeandikwa mbele ya mthibitishaji wa serikali. Sheria tatu, mkate mmoja, njia tatu za kuufanya wako. Tulikula tukiwa bado tunabishana kwa Kiswahili, chake cha Kivu na changu cha Tanga, na sidhani nimewahi kujifunza mengi kuliko jikoni pale.

Yapo mambo ambayo Kiswahili kilinisaidia kuyaelewa kabla ya Kijerumani. Mtoto anatumwa dukani. Kwa BGB, aliye chini ya miaka saba hana uwezo kabisa wa kufunga mkataba. Kuanzia saba hadi kumi na nane anao nusunusu, kwa ridhaa ya wazazi, na kwa fedha za matumizi alizopewa anaweza kununua kitu kikawa halali. Sasa mtoto wa miaka sita analetaje mkate nyumbani? Mwalimu aliuliza, ukumbi ukanyamaza. Jibu nilikuwa nalo katika methali: mjumbe hauawi. Haadhibiwi kwa sababu maneno si yake. Mama akimwambia kaniletee mikate mitano, mtoto amebeba kauli ya mama kama bahasha inavyobeba barua, na mkataba ni wa mama na muoka mikate. Lakini mama akimwambia nenda ukachague kitafunwa kitakachokupendeza, hapo mtoto anatakiwa atunge kauli yake mwenyewe kwa niaba ya mama. Huyo si mjumbe tena, ni wakala, na wakala lazima awe na uwezo japo huo wa nusunusu. Mjumbe na wakala. Tunayo maneno yote mawili, na kila mama wa pwani anajua tofauti yake kwa vitendo, kwa kuwa anajua mtoto yupi wa kumpa orodha na yupi wa kumwachia achague.

Hivyohivyo kwa dalali. Mwaka 1899 mwanasheria Hermann Isay alibuni kisa ambacho hakijazeeka. Katika ghala la mvinyo mjini Trier kuna mnada. Mgeni asiyejua desturi za pale anaingia, anamwona rafiki yake, anampungia mkono. Dalali anagonga nyundo: mvinyo ni wako. Je, amenunua? Hakutaka kununua, hata hakujua kwamba kuna kauli anayoitoa. Kwa miongo mingi wataalamu walivutana. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Shirikisho, katika kesi ya dhamana ya benki, ilisema kwamba kauli itahesabiwa kuwa yake ikiwa, kwa uangalifu wa kawaida, angeweza kutambua kwamba watu wataielewa hivyo, na kuepuka. Ila anaweza kuitengua mara tu anapotambua kosa, kwa sharti la kumlipa mwenziwe hasara aliyoipata kwa kumwamini. Nimesimama Kariakoo mara nyingi nikifikiria hukumu hii, mikono ya watu ikipungana huku na kule.

Weka kesi hiyo pembeni ya ile ya papa. Kule kwenye mapipa nia ya ndani ilishinda neno la nje, kwa kuwa nia zilikuwa mbili zinazofanana. Huku kwenye mnada alama ya nje inaanza kwa kushinda, kwa kuwa upande wa pili uliiamini. Hakuna mgongano. Sheria inauliza kila mara msikilizaji alielewa nini na alikuwa na haki ya kuelewa nini. Nilipoliona hilo, sehemu kubwa ya muhula ikajipanga yenyewe.

Na nyuki wamo. Vifungu vinne, 961 hadi 964, ni vya kundi la nyuki linalohama mzinga. Mwenyewe akilifuata bila kukawia anabaki na haki yake, na anaruhusiwa kuingia shambani kwa mtu kulifuatilia. Akiacha kulifuata, halina mwenyewe. Ningependa wafugaji wa Tabora wavisome.

Nilisema Kiswahili kilinisaidia. Siku moja nilipita kwenye rafu za maktaba nikakiona kitabu nilichokijua kwa jina tu: Desturi za Wasuaheli, pamoja na habari za desturi za sheria zao, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapwa hukohuko Göttingen mwaka 1903, miaka mitatu baada ya BGB kuanza kazi. Sehemu kubwa ya maandishi ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Nilikaa nacho hadi taa zikaanza kuzimwa. Humo mna ndoa, madeni, mirathi, kwa Kiswahili kilichonyooka, kauli kwa kauli. Mbele yangu, juu ya meza moja, palikuwa na vitabu viwili vya zama moja vikizungumzia mambo yaleyale.

Kifungu cha kwanza kabisa cha BGB kinasema, kwa maneno machache, kwamba uwezo wa mtu kuwa na haki huanza kuzaliwa kwake kunapokamilika. Kinasema mtu. Hakisemi Mjerumani. Lakini katika koloni la Afrika Mashariki kitabu hicho kilikuwa cha Wazungu, wenyeji wakihukumiwa na maofisa wa utawala kwa utaratibu mwingine. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, ndoa halali kwa sheria ya nchi ile. Walipofika Dar es Salaam kwa meli, mamlaka za koloni ziliwakatalia kushuka, wakarudishwa Ulaya. Hakuwahi tena kuishi kwao. Mwalimu yeyote anayefundisha kifungu cha kwanza kwa vijana wa miaka 18 ningemwomba awasimulie na hilo, siku hiyohiyo, kabla hawajafungua kifungu cha pili.

Kuna jambo jingine lililonishika kuhusu lugha. Vyuo vya Ulaya vilifundisha sheria kwa Kilatini karne kwa karne. Mwaka 1687 mwanasheria Christian Thomasius, Leipzig, alitangaza mhadhara kwa Kijerumani, na wenzake waliona ni fedheha. Wale walioandika BGB miaka mia mbili baadaye walijitahidi kuondoa maneno ya kigeni na kuweka ya Kijerumani. Leo kijana wa Göttingen anajifunza misingi ya sheria kwa lugha anayonunulia mkate, ndiyo maana anaweza kuuliza mkate ni nini. Tanzania iliamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na nimewasikia watu wazima wakisema haiwezekani, maneno hatuna. Hiba tunayo. Rehani, amana, dhamana, wakala, mjumbe, ijabu, deni, fidia, tunayo. Kinachotakiwa ni kukaa na kila neno kama walivyokaa wao, wiki nzima kwa neno moja ikibidi, kueleza mwanzo wake na mwisho wake, na kukubaliana.

Kazi yangu ya kwanza ya kuandika ilikuwa juu ya mtoto aliyetumwa mikate. Niliandika kurasa kumi na mbili. Ziliporudi zilikuwa na alama 6, na maandishi ya penseli pembeni. Kwenye ukurasa wa nne nilikuwa nimeandika kwamba mama anapaswa kulipa bei, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba aliyetuma ndiye anayelipa. Msahihishaji alikuwa amepiga mstari chini ya maneno kila mtu anajua, na pembeni ameandika neno moja, lile la nne katika swali la ubaoni: kwa msingi gani?

Nilichukua daftari jipya. Nikaandika tena kuanzia mwanzo, safari hii kwa Kiswahili kwanza.